Kumtayarisha punda wa mashindano hapa Lamu (na vile mimi mwenyewe nilivyorushwa)

Vijana wakisikia tarehe ya mashindano imetoka ndio wanakuja mbio kwangu, ami, punda wangu ana nguvu balaa, anabeba mifuko miwili ya simiti kutoka jeti, pale gatini, mpaka mtaa wa Langoni hasimami hata mara moja, sasa mbona kwenye mbio anakuwa wa mwisho? Na mimi kila mwaka jibu langu ni lile lile. Huyo punda umemfundisha kutembea. Miaka mitano kila siku kazi yake ni kutembea polepole na mzigo, alafu siku moja unamrukia mgongoni unataka apepee mbele ya watu wanaopiga kelele na vigelegele. Kwani akimbie kwa nini? Yeye hajui kama kuna zawadi.

Bas nimeona niandike mara moja nisiwe narudia rudia. Hii ni ya punda wetu, mbio zetu za barabara ya bahari, zile za Maulidi na zile za tamasha la utamaduni. Mwenye farasi atafute mtu mwingine.

Muda kwanza. Unahitaji wiki 8, ukiwa na 6 utajikaza, ukiwa na 2 kaa barazani utazame wenzako. Hesabu kutoka siku ya mbio urudi nyuma. Tamasha ni rahisi kupanga manake kwa kawaida huwa Novemba, lakini Maulidi inafuata mwezi wa Kiislamu, ni Mfungo Sita, na kila mwaka inarudi nyuma siku 10 au 11, miaka hii imeangukia Agosti na Septemba kwa hivyo mazoezi unaanza Juni ama Julai, wakati wa kipupwe, na kwa kweli huo ndio wakati mtamu, asubuhi kuna kijibaridi, upepo wa kusi unampoza, na punda anashika pumzi vizuri. Wa Novemba utaanza naye Septemba jua linaanza kuuma, hapo ni kuamka mapema zaidi tu hakuna ujanja.

Sasa kuchagua. Watu wengi wanapenda punda mkubwa, mnene, anayeng'ara. Mimi siangalii hayo. Nakaa pale Mkunguni, uwanja wa mbele ya ngome, jioni chini ya mikungu, punda wakiachiwa kazi wanarudi nyumbani wenyewe bila mtu, si unawajua, wanapita vichochoroni mmoja nyuma ya mwingine. Angalia nani yuko mbele. Fanya hivyo siku tatu nne. Utakuta ni yule yule kila jioni, hasukumwi, haogopi kona, wengine wanamfuata. Huyo ndiye. Anaweza kuwa mdogo, anaweza kuwa na sikio lililochanika, haidhuru.

Kuna mgeni mmoja alipanga nyumba Shela mwaka fulani, huko kwao alikuwa anashindana na mbwa wa kukokota sleji kwenye theluji, akanionyesha video kwenye simu. Kule Alaska kuna mbio moja kubwa inaitwa Iditarod, imeanza 1973, inakimbizwa Machi kutoka Anchorage mpaka Nome, kama kilomita 1,600 hivi, siku nyingi kwenye barafu na mbwa wamevalishwa viatu vya kitambaa nisiwaongopee. Niliuliza hatamu ziko wapi? Akacheka, hakuna hatamu, mbwa wote wale wanaongozwa kwa sauti tu, neno moja kulia, neno moja kushoto, na wale wa mbele kabisa hawachaguliwi kwa nguvu, wanachaguliwa kwa akili na kwa kusikiza. Wenye misuli wanafungwa nyuma karibu na sleji. Nikamwambia bwana, hayo hata babu zetu walikuwa wanayajua, ila sisi tumeyasahau tukashika fimbo.

Ukishampata huyo wa mbele mkague. Mfungue mdomo, meno ya mbele ya utotoni humalizika kung'oka karibu na miaka 5, kwa hivyo ukiona bado kuna vijino vidogo vyeupe mle ndani huyo ni mtoto, mifupa haijakomaa, muwate. Inua miguu yote minne. Hapa kwetu mchanga ni laini hausagi kwato, zinakua mpaka zinapinda mbele kama makubadhi, na punda wa kwato ndefu akikimbia anajikwaa mwenyewe. Alafu pitisha kiganja mgongoni kutoka mabegani mpaka kiunoni ukikandamiza kidogo. Akibonyea au akilaza masikio nyuma, pana maumivu hapo, huenda ni shogi, ule mfuko wa mzigo wa mgongoni, limemkata au kamba imemchubua, usimpande mpaka apone, na kidonda usikipake oili chafu ya injini, hiyo tabia iko sana hapa mjini na inaunguza ngozi.

Dume au jike? Wengi wetu tuna madume. Dume ni mzuri mpaka pale atakaponusa jike mwenye joto, hapo atainua mdomo wa juu juu kama anayecheka na mbio zako zimekwishia hapo. Maksai, yule aliyehasiwa, hana hayo mambo.

Mpeleke kwa daktari kabla hujaanza chochote. Ile kliniki ya punda iliyo mbele ya bahari ilifunguliwa 1987, na imetibu punda wetu bure kwa miaka, hakuna sababu ya kuona haya. Apewe dawa ya minyoo, kwato zichongwe, meno yaangaliwe kama yana ncha kali pembeni. Na uliza habari ya chanjo ya pepopunda. Jina lenyewe linakwambia, na mji huu umejaa misumari ya mbao za majahazi na mabati.

Hapa sasa ndio penye uchungu, mzigo. Hakuna punda atakayeshinda huku asubuhi anakimbizwa na mchana anabebeshwa mawe. Wiki za mwanzo mpunguzie nusu. Wiki 3 za mwisho hakuna mzigo kabisa. Najua ni hasara, mimi mwenyewe najua, hizo ni siku ambazo hakuna kitu kinaingia mfukoni na nyumbani wanauliza, lakini yule anayesema punda afe mzigo ufike hajawahi kushinda mbio hata moja hapa, nawajua wote. Ukiwa na punda wawili watatu mambo ni mepesi, ukiwa na mmoja shirikiana na ndugu yako.

Chakula. Punda ni mnyama wa majani makavu, tumbo lake linataka kitu cha kutafuna mchana kutwa, nyasi, mabua ya mahindi, hivyo ndio vinamjenga. Watu wakisikia mashindano wanaanza kumwaga mahindi na pumba ndoo nzima ati apate nguvu. Utampa msokoto wa tumbo au kwato zitawaka moto kwa ndani ashindwe hata kusimama. Mimi natoa pumba kopo mbili asubuhi na mbili jioni, nimezilowesha, na ninaongeza polepole wiki baada ya wiki, si kwa mpigo. Chumvi kidogo ya kulamba. Maji safi wakati wote, punda akifanya kazi kwenye joto letu anaweza kumaliza lita 20 na zaidi kwa siku, na punda ni mwenye maringo kwenye maji, ndoo ikiwa na harufu ya sabuni hatagusa, atakaa na kiu yake na wewe utafikiri ameshiba. Na mzuie asiende jalalani. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu 2017 lakini jalala letu bado lina vitu, na plastiki ikijisokota tumboni ni kifo cha taratibu.

Mazoezi yenyewe sasa.

Wiki mbili za kwanza hakuna kukimbia. Nasema hakuna. Unatembea naye kwa mguu, wewe chini yeye kando yako, kutoka mjini mpaka Shela ni kama kilomita 3, kwenda na kurudi inatosha. Unafanya hivyo kwa sababu mbili, miguu yake izoee mwendo usio na mzigo, na sauti yako iingie kichwani mwake. Chagua sauti tatu tu. Mimi ya kuondoka nagonga ulimi, tk tk. Ya kuongeza mwendo ni busu la midomo, la nguvu. Ya kusimama nasema "taratiiibu" kwa sauti nzito ya chini. Ukishachagua usibadilishe, na anayempanda siku ya mbio lazima atumie zile zile, na usifyonze kabla ya kumpanda ukiwa na hasira zako za nyumbani, anachanganyikiwa.

Wiki ya tatu panda. Ufuoni, si mjini. Na hapa lazima ujue maji. Siku za maji mafu, yale yanayojaa na kupwa kidogo tu, maji yanakuwa yamepwa alfajiri, ukitoka baada ya sala mchanga uko wazi japo si mbali, unapata ule mkanda mgumu uliolowa, huo ndio uwanja wako. Siku za bamvua maji yanapwa mbali sana lakini mpaka saa nne huko, jua lishapanda, kwa hivyo toka saa moja na nusu ufuate maji yanavyorudi nyuma. Mchanga mkavu wa juu usimkimbize, unavuta mishipa ya miguu. Mwendo wa mchakamchaka dakika 3, kutembea dakika 5, mara nne, siku moja ndio siku moja sio. Kila wiki unaongeza kidogo, na kuanzia wiki ya tano unaweka mbio kali fupi mwishoni, mita 200 hivi, mara mbili tu kwa wiki. Hizo ndizo zitakazokupa ushindi lakini ukizizidisha unamvunja.

Utajuaje umemzidisha? Weka kiganja upande wa kushoto nyuma ya kiwiko, utasikia moyo. Hesabu sekunde 15 zidisha kwa 4. Punda aliyetulia ni 36 mpaka 52 kwa dakika, na pumzi yake ni 12 mpaka 28. Mhesabu kabla hujatoka ujue yake ya kawaida. Akimaliza mbio mtembeze, na ikifika dakika 15 ubavu bado unapiga kama mvukuto, kesho apumzike na kesho kutwa umpunguzie. Na kumbuka punda halalamiki. Mbwa angelia, ng'ombe angelala. Punda ananyamaza tu, anashusha kichwa kidogo, masikio yanalegea pembeni, anaacha kula kwa hamu. Ukiona hivyo usisubiri kesho.

Sasa ile siri, na nikiisema hapa mwaka huu sote tutakuwa nayo lakini haidhuru. Punda ana rafiki. Kila punda. Mchunguze wako utaona kuna mmoja anasimama naye shingo kwa shingo, wanakunana, mmoja akiondolewa mwingine analia mpaka mtaa mzima unaamka. Basi mazoezi yako yote ya mbio kali, yule rafiki mfunge kule mwisho, na ndoo ya pumba iwe miguuni pake. Anza karibu, mita 50, punda wako amuone. Alafu 100. Alafu rafiki awe nyuma ya kona haonekani. Baada ya wiki tatu huhitaji kumwambia kitu, ukigonga ulimi tu anajua kule mbele kuna nani na kuna nini. Siku ya mbio mtoto wa ndugu yangu anasimama na yule punda rafiki na ndoo yake hatua kadhaa baada ya mstari wa mwisho, si kwenye mstari, baada ya mstari, ukimuweka kwenye mstari punda atapunguza mwendo kabla. Wenye fimbo wanapiga mpaka mikono inauma na punda wao wanakunja mgongo, wa kwangu anakimbilia nyumbani.

Fimbo kwa ufupi: punda akiogopa hakimbii kama farasi, anaganda. Ndio maana mnasema ni mkaidi. Amesimama anafikiria, na ukimpiga wakati anafikiria umemhakikishia kwamba mbele kuna hatari.

Hili nililijua kwa gharama. Mara yangu ya kwanza nilikuwa na miaka 16, punda ni wa marehemu babu, mwepesi ajabu, ufuoni hakuna aliyekuwa anamgusa. Tukaondoka, nikawa wa pili, nikawa wa kwanza, nasikia jina langu barazani, nikaanza kupanga zawadi nitafanyia nini. Mbele kidogo kuna mtu alikuwa amemwaga maji ya barafu ya samaki, kidimbwi cheusi kinang'aa katikati ya njia, upana wake hata mita moja hakifiki. Punda akakiona. Hakupunguza mwendo, alisimama. Miguu minne ikakita chini kwa mpigo, kichwa kikainama kunusa yale maji, na mimi nikaendelea na safari peke yangu, nikapita juu ya masikio yake na kuangukia sinia la mama mmoja muuza viazi karai. Ukwaju mpaka puani. Yule mama hakuniuliza kama nimeumia, aliniuliza nani atalipa. Na punda, wallahi, alinusa, akaona ni maji tu, akavuka, akamaliza mbio bila mimi, akawa wa tatu, na hawakumhesabu.

Kwa hivyo kuanzia wiki ya tano mlete mjini na umfundishe vioja. Mwaga ndoo ya maji njiani umvushe kwa kutembea, wewe ukitangulia, mara kumi, mpaka achoke na hayo maji. Tandika gunia, tandika turubai la buluu, tandika mkeka. Mpitishe kwenye kivuli kikali cha jengo saa za jua, mstari ule wa giza kwake ni kama shimo. Mpitishe ngoma zikipigwa, mpitishe kwenye spika za harusi, mpitishe wakati wa bamvua maji yanaruka ukuta wa barabara ya bahari na kumrushia. Waite watoto wa mtaani, wajipange pande mbili wapige makofi na mabati huku yeye anapita kutembea tu, alafu mchakamchaka. Watoto watafanya bure na kwa furaha, shida ni kuwasimamisha. Bodaboda nazo siku hizi ziko upande wa Wiyoni na Kashmir, mpeleke huko pia azisikie.

Mpandaji awe mwepesi. Punda wetu wengi ni kilo 150 au chini, na mzigo wa haki ni theluthi ya uzito wake, kwa hivyo kijana asizidi kilo 50. Mimi nilistaafu kwa sababu ya biriani. Tandiko hakuna, ni mgongo mtupu na kamba, na kukaa ni nyuma, karibu na kiuno cha punda, si katikati na kabisa si mabegani, magoti yamebana, mwili umelegea, mikono chini. Na afundishwe kuanguka, nyinyi mnacheka lakini ajiviringe na aachilie kamba, anayeng'ang'ania kamba anaburuzwa kwenye simiti. Upande wa bahari ukikubana vibaya angukia bahari.

Siku tatu za mwisho ni matembezi mepesi tu. Siku yenyewe alfajiri nyasi na maji kama kawaida, pumba nusu, na masaa mawili kabla ya mbio hakuna kula ila maji anapata. Mfikishe mapema, mtembeze njia yote mara moja aone mabango na kamba mpya walizofunga, manake jana hazikuwepo. Pale pa kuondokea punda wanabanana, wanarushiana mateke, jiweke pembeni hata kama utapoteza hatua mbili, anayeanza katikati anagongwa magoti. Kijana asimharakishe mwanzoni. Akae wa nne wa tano nyuma ya wenzake, punda anapenda kufuata, busu la midomo lianze pale barabara inapofunguka. Na awapigie watu simile! simile! kwa sauti, kuna mtu kila mwaka anasogea katikati ya njia na simu yake anachukua video hajui kama nyuma yake kuna punda kumi.

Akishamaliza, ashinde ashindwe, usimwache asimame watu wampigie picha. Mtembeze dakika 20, mmwagie maji miguuni na shingoni, mpe maji kidogo kidogo si ndoo nzima kwa mpigo, alafu mrudishe kwa rafiki yake. Angalia kwato kama jiwe limekwama. Jioni mpeleke kwenye mchanga mkavu umwachilie agaegae, atajigeuza huku na huku na miguu hewani, hiyo ndiyo medali yake. Siku mbili mzigo hakuna, na yule fundi wa mawe akikupigia simu kesho asubuhi mwambie punda amesafiri.